Chura wa Pili

Wapo watu wanaodhani kuvua kwa ndoana kwenye kidimbwi ni kazi ya wavivu: kukaa, kusinzia, kurudi nyumbani na alama za mbu. Waache na dhana zao. Ziwani ukikosea hapa unahamia pale, na samaki wa pale hana habari zako. Kidimbwi hakina pale. Samaki wake wanaijua miguu yako na kikohozi chako, na ukimchoma mmoja kwa chambo cha namna fulani, chambo hicho kwake kimekwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna samaki anayeshtuka kama besi.

Besi, kwa asiyemjua, ni samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na mdomo mpana usio na adabu. Hana shida na mkate wala unga. Yeye humeza kinachotembea: panzi, chura, samaki mwenzake, hata kifaranga cha bata kikizembea. Mwenye tanuru la matofali nje kidogo ya mji aliwatia besi wachache kwenye shimo alilochimbia udongo, shimo lilipojaa maji, ili wapunguze vyura waliokuwa wakimnyima usingizi. Baadaye alihamia kwa mwanawe, tanuru likapoa, wakabaki mlinzi mmoja na redio yake, vyura, na besi.

Na kila Jumamosi asubuhi walikuja mke na mume. Mke aliitwa Fundi na kila mtu, mpaka na mumewe, kwa sababu ya viti. Kiti kilichochoka alikibandua ngozi, akakitia sponji mpya, akakishonea ngozi nyingine, kikatoka kimependeza kuliko mwenye kukikalia. Mume aliitwa Spoki. Alitengeneza baiskeli kwenye kibanda kilichoegemea karakana ya mkewe, na wembamba wake ulilistahili jina. Watoto walikwisha kuwa na nyumba zao. Kuvua ndiko kulikobaki kuwa kwao wawili tu.

Vifaa vyao havikufanana hata kidogo. Spoki alipenda vinavyong'aa. Hakuweza kulipita duka la vifaa vya kuvulia bila kutoka na samaki wa plastiki mwenye macho mekundu, au kijibati kinachozunguka majini, au ufito mrefu kuliko mlango wao. Sanduku lake likitikisika, besi wa upande wa pili walipata taarifa.

"Shimo lenyewe mbuzi anaweza kuliruka," Fundi alimwambia, "na wewe umekuja na ufito wa nyangumi."

"Maandalizi, Fundi. Mwanamume ni maandalizi."

"Haya. Nyangumi akija uniite."

Yeye alibeba ufito mfupi, mshipi mnene wa kustahimili magugu, na kopo moja la chambo alichokishona kwa mikono yake. Maji ya udongo, alisema, yanataka chambo cha rangi iliyokolea, maana samaki wa maji hayo huona kivuli kabla ya kuona rangi. Jua likipanda, tumia mnyoo wa mpira na umburute chini polepole. Asubuhi, juu ya majani ya mayungiyungi, tumia chura. Na usimtupie samaki kichwani: tupa mbali kidogo, kisha umpitishie chambo mbele ya mlango wake, kama mtu anayepita na shughuli zake. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka alikibana kwa koleo mpaka kikalala, kwa kuwa kila waliyemshika walimrudisha. Kitoweo kilikuwapo sokoni.

Samaki mmoja tu hawakuwahi kumrudisha, kwa sababu hawakuwahi kumshika. Aliishi chini ya gogo lililolala majini upande wa tanuru. Mgongo wake walikwisha kuuona, na mdomo wake walikwisha kuusikia ukijifunga juu ya maji kama mlango uliopigwa na upepo. Mishipi aliyowakatia hawakuihesabu tena. Spoki alimpa jina la Bi Mkubwa.

"Huyu ndiye niliyemwoa kwanza," alisema. "Wewe umemkuta."

"Basi mwambie bi mdogo anataka kumwona," Fundi alijibu. "Uke wenza wa kutoonana mimi siuwezi."

Utani huo waliufanya miaka mingi, wakacheka kila mara kama mpya. Kisha macho ya Fundi yakaanza kufa.

Yalianzia pembeni. Aligonga bega kwenye mlango uliokuwa wazi, akaulaumu mlango. Akatafuta mkasi uliokuwa karibu na kiwiko chake, akamlaumu Spoki. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kwamba imechelewa kujulikana. Dawa ya matone ingepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwenda hakirudi. Alikuwa amebakiwa na sehemu ya katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa likizibika. Nesi wa kliniki, dada mpole, alimletea fimbo nyeupe, akamshauri ajifunze kuitumia mapema, kabla hajaihitaji.

"Fimbo ya nini, dada?" Fundi akacheka. "Mimi nina mume."

Akaiacha fimbo pale pale juu ya kiti. Nje, kwenye benchi la kusubiri, mume mwenyewe alikuwa akilia kwa kwikwi mpaka watu wakadhani mgonjwa ni yeye.

"Niambie unataka kuona nini," alisema alipopata sauti. "Chochote. Nitakupeleka."

Fundi hakufikiri sana. Nyuso za wanawe alizijua hata akifumba macho. Safari za mbali hakuzitamani.

"Bi Mkubwa," alisema. "Nataka nimshike mwenyewe, nimtazame uso kwa uso, mchana kweupe. Nimemvizia miaka yote hii. Siingii gizani sijamwona."

"Utamwona. Na naapa, ndoana yangu haitagusa maji yale mpaka wewe umemshika."

Asiyejua kidimbwi anaweza kuona kiapo hicho ni cha kitoto. Fundi alijua uzito wake. Samaki mzee kama yule angedanganyika kwa chambo kipya mara moja tu, na hiyo mara moja Spoki alikuwa amempa yeye. Hakuna pete wala nguo aliyowahi kupewa iliyomgusa namna hiyo.

Basi akamshona chura. Alichukua ngozi ya kijani iliyokolea ya kiti kikuukuu cha meneja mmoja, ngozi laini kama shavu la mtoto, akaijaza sponji ili ielee, akafanya miguu kwa vipande vya mpira, na ndoana akazilaza mgongoni zisinase magugu. Alishona asubuhi tu, mwanga ulipokuwa mkali. Sindano ilimpata vidole mara nyingi. Na kwa kuwa mtu wa viti hakati kipande kimoja, maana kila kiti kina mikono miwili, alijikuta amekata vyura wawili kabla hajakumbuka. Wa kwanza akamtia kwenye kopo lake. Wa pili akampa Spoki.

"Wako huyu. Akae mkavu mpaka siku yake."

"Mkavu kama koo la mlinzi," Spoki alisema, akamweka kwenye sanduku lake kwa taadhima.

Jumamosi iliyofuata hawakwenda. Daktari alikuwa amembadilishia Fundi dawa, akamkataza jua kwa siku kadhaa. Alilala na kitambaa usoni. Spoki alimpikia uji, akamwambia anampelekea mteja baiskeli yake, akarudi jua limekwisha kupanda, akiimba. Fundi alifurahi kumsikia akiimba. Alidhani anaimba ili kumchangamsha.

Walipoanza kwenda tena, walikwenda kwa namna mpya. Njia ya shimoni ilikatwa na mtaro, na juu ya mtaro palikuwa na ubao mmoja. Fundi aliweka mkono begani mwa mumewe.

"Ubao," alisema Spoki. "Inua mguu."

Naye aliinua mguu bila kuuliza. Mlinzi alizima redio yake na kusimama langoni.

"Leo ni leo, Fundi! Asemaye kesho ni mwongo!"

"Leo namvuta kwa masharubu," Fundi alijibu, na mlinzi akacheka sana.

Fundi alitupa chura wake ng'ambo ya gogo, akamleta taratibu juu ya majani, akimsimamisha, akimtikisa kidogo, akimwendesha tena. Alikuwa ameelekeza kichwa sawasawa, tundu lake la kuonea limekaa juu ya chura. Maji yakavimba chini yake. Bi Mkubwa alikuwa amekuja. Fundi aliona uvimbe ule ukisogea hadi karibu ya chura, ukasimama, kisha maji yakakatika kwa nguvu kuelekea gizani, na mawimbi yakatikisa mayungiyungi. Hakung'ata. Alikuwa amekimbia.

"Amekiogopa kivuli chako," alisema Spoki.

Jumamosi nyingine alipiga magoti, kivuli kikabaki nchi kavu. Bi Mkubwa akaja, akasimama, akakimbia.

"Labda miguu," alisema Spoki. "Miguu ya kijivu haimpendezi. Jaribu myeusi."

Fundi akarudi nyumbani, akaifumua miguu, akashona mingine myeusi, pua ikigusa kitambaa na damu ya vidole ikitia doa mezani. Spoki alimshikia taa. Samaki akakimbia tena. Spoki akasema labda mshono wa tumboni umekaa vibaya, unamfanya chura aogelee upande. Fundi akafumua na tumbo. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kiti kwa mshono mbaya, na sasa alikaa kitandani akijiuliza kama mikono nayo imeanza kufuata macho. Hilo lilimtisha kuliko giza. Asubuhi moja alilia juu ya cherehani, na Spoki akamkumbatia akamwambia yote ni majaliwa.

Jumamosi ya mwisho anga ilikuwa safi. Fundi alikuwa ameamka na tundu lililopungua tena. Uso wa Spoki hakuuona wote kwa mara moja, ilimbidi ausome kipande kwa kipande. Hakumwambia. Walipofika, mlinzi alipiga kelele zake zile zile. Fundi alitupa mara mbili tu. Mara ya pili chura alinasa kwenye tawi, akavuta, na chura akarudi na mguu mmoja.

"Nipe wako," alisema.

Spoki alilisogeza sanduku nyuma kwa kisigino.

"Acha, nitakushonea huo mguu."

"Wewe?" Fundi akacheka. Huyu mtu hata kifungo cha shati alikuwa akimpelekea. "Tangu lini unashika sindano? Nipe chura, jua linapanda."

"Aaa, sijui kama nimekuja naye."

Sanduku lilikuwa pale miguuni mwake. Fundi aliinama, akalifungua, akaingiza mkono katikati ya makelele yote yale ya bati na plastiki, akamkuta chura kwenye pembe, amefungwa kwenye kitambaa. Akamtoa. Akampitishia dole gumba mgongoni, kama anavyopitisha dole gumba juu ya kila ngozi kabla ya kuikata.

Ngozi ilikuwa imechubuka. Ule ulaini wa shavu la mtoto haukuwapo. Mgongo mzima na tumbo vilikuwa vimekwaruzwa kama vimesuguliwa kwa msasa. Besi hana meno ya kutoboa. Mdomo wake wote ni msasa, na kila aliyewahi kumshika taya anaujua kwenye dole gumba lake. Fundi akampeleka chura puani. Alinuka grisi ya mnyororo wa baiskeli. Mtu alikuwa ameona ile mikwaruzo akajaribu kuing'arisha, na mtu huyo hakujua kwamba ngozi ya kiti haipakwi grisi.

Kisha yakaja yote kwa pamoja: samaki anayekuja, anayesimama, anayekimbia. Hakuwa akikimbia kivuli. Hakuwa na neno na miguu ya kijivu wala mshono wa tumboni. Alikuwa akimjua huyu chura.

"Umemshika," Fundi alisema.

"Nani?"

"Spoki, usiniulize nani."

Spoki alikaa chini kwenye nyasi. Alianza kueleza kwa mbio: ilikuwa ile Jumamosi Fundi alipokatazwa jua; alikuja kumjaribu tu chura, aone kama anaelea sawa, asije akamwaibisha mbele ya samaki; alimtupa mara moja, kule pembeni, si kwenye gogo; hata hakuwa amesimama vizuri.

"Akaja mwenyewe, Fundi. Kama alikuwa ananisubiri. Ningefanyaje?"

"Ungerudi nyumbani ukaniambia."

"Ulikuwa mgonjwa. Nikasema akisahau kidogo, atakuja na kwako. Samaki si husahau?"

"Ulinishikia taa," Fundi alisema. Sauti yake haikupanda, na yeye mwenyewe alishangaa. "Nilifumua miguu, ukanishikia taa. Nilifumua tumbo, na wewe ndiye uliyesema nilifumue. Nikalia kwamba mikono yangu imekufa, ukaniambia majaliwa."

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Ulimwambia nani?"

Spoki alitoa simu mfukoni. "Sikumwambia mtu. Ila mlinzi alikuwapo. Yeye ndiye aliyenipiga picha."

Leo ni leo, Fundi! Basi ndiyo maana alikuwa akicheka vile. Jumamosi baada ya Jumamosi wanaume wawili walimwangalia mwanamke akimvua samaki aliyekwisha kuvuliwa, na wote wawili wakamtakia heri.

"Tazama," Spoki alisema, akimsogezea simu kwa unyenyekevu, kama anayeleta zawadi. "Amekaa vizuri kabisa. Unaweza kumkuza, umwone mpaka macho. Kama kumwona, Fundi, si utakuwa umemwona?"

Fundi aliishika simu. Tundu lake la kuonea halikutosha picha nzima, kwa hiyo lilianza juu, likaangukia uso wa mumewe. Spoki alikuwa akicheka. Alikuwa amefungua kinywa chote, macho yamebaki mstari, amesahau umri wake na kila kitu, pamoja na mke aliyelala na kitambaa usoni. Ilikuwa furaha ya kweli, na yeye hakuwamo. Samaki alikuwa chini kidogo tu ya uso ule. Ilikuwa kuteremsha macho tu, amwone.

Akairudisha simu.

"Hujamwona," Spoki alisema.

"Nimeona kilichonitosha."

Alikunja mshipi wake. Chura wa mguu mmoja alimrudisha kwenye kopo. Wa pili alimtupa majini bila kumfunga kwenye mshipi, naye akaelea pale juu ya mayungiyungi, na hakuna kilichomfuata. Aliumia, na hakuficha kwamba anaumia; alifuta machozi kwa kiganja mbele ya mumewe. Kwa samaki, Fundi angemsamehe. Hata kwa furaha ile ya pichani, baada ya siku nyingi, angemsamehe. Lakini miezi michache ijayo mtu huyu ndiye angemwambia kama nguo ni nyeusi au ya bluu, kama mlango umefungwa, kama aliyeingia ni mgeni au mwanawe, kama ngozi iliyoletwa ni nzima au ina doa. Na mtu huyu anaweza kukaa kando yako, akakuona unajichoma sindano, akakushauri ujaribu miguu myeusi.

Walirudi njia ile ile. Langoni mlinzi alianza, "Vipi, Fundi, le..." akaziona nyuso zao, akaona afadhali aiwashe redio. Spoki alitangulia, bega lake akiliacha nyuma kidogo, tayari kwa mkono. Mkono haukuja. Fundi alifuata sauti ya viatu vyake na ile ya sanduku.

Kwenye mtaro Spoki alisimama.

"Ubao," alisema kwa upole. "Inua mguu."

Fundi alisimama. Aliugeuza ufito wake mfupi, mpini ukawa chini, akaunyoosha mbele. Akagonga udongo. Akasogeza, akagonga udongo tena. Akasogeza, ukalia mti.

"Nimekwambia ni ubao, Fundi."

"Nimekusikia," alisema, akagonga mara nyingine, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kabla ya kuinua mguu.